Kiungulia cha Bahari

Mfagizi wa zahanati alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki pale Bahari alipoingia kwa chini ya mlango, akapanda benchi la wagonjwa na kukaa mwisho wa foleni.

"Nimetoka kupiga deki sasa hivi," mfagizi alisema.

"Nisamehe, mwanangu. Nimejibana nilivyoweza."

Kweli alikuwa amejibana. Sehemu kubwa ya mwili wake aliiacha kulekule ufukweni, na iliyokuja ilikuwa ya kutosha mwanamke mmoja mnene. Mama mjamzito aliyekuwa kando yake alisogea kidogo na kupakata mkoba wake usilowe. Fundi viatu, aliyekuja kwa ajili ya kifua, alimwuliza Bahari kama naye amekuja kuchomwa sindano. Bahari akasema hajui, ataamua Sista.

Zamu yake ilipofika, Sista alimsubiri ajimimine kitini.

"Shikamoo, bibi. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Kiungulia."

"Tangu lini?"

"Kilikuwa kinakuja taratibu, nikawa nakipuuza. Lakini tangu ule msitu wa kilimani ukatwe, mwenzio silali."

Sista alijifanya anatafuta kalamu. Msitu ule ulikatwa na mume wake, ukaingia mzimamzima kwenye tanuri lake la matofali. Nusu ya mji ilijengwa kwa matofali hayo, pamoja na ukuta aliokuwa ameuegemea. Akauliza swali analomwuliza kila mgonjwa wa kiungulia.

"Unakula nini?"

"Moshi wenu. Wa majiko, wa magari, wa matanuri. Hewa ya ukaa ikishatoka lazima iende mahali. Zamani tulikuwa tunasaidiana, mimi na msitu. Yeye anavuta yake huko juu anaigeuza mbao na majani, mimi navuta yangu huku chini. Na wote wawili tunawarudishia oksijeni, msije mkasema tunakula bure. Sasa mwenzangu hayupo, na sahani yake imesogezwa kwangu."

"Huwezi kukataa?"

"Kwa mdomo upi wa kufunga, mwanangu? Hewa ikinigusa tu, imeshaingia."

Fundi viatu, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alibana pumzi kwa adabu asimwongezee mzigo. Alibana mpaka akapaliwa, akakohoa nyingi zaidi ya alizobana.

Sista alimpima kama anavyompima mtu yeyote. Kwenye mizani mshale ulizunguka, ukapita ulipoanzia, ukang'ang'ania hapo. Alipoweka kipimo kifuani, alisikia kitu kikubwa kikiguna mbali sana. Akachovya kile kikaratasi cha kupimia asidi: mgonjwa hajawa siki, lakini njia aliyoshika ni hiyo. Kisha Bahari alitoa konokono kwenye kunjo la mwili wake na kumweka mezani. Gamba lake lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu.

"Wanangu wanajenga," Bahari alisema, "na nyumba zinayeyuka nao wamo ndani."

Sista alifungua kopo zima la vidonge vyeupe vya kutafuna, vya chokaa. Bahari akavimaliza, akacheua, madirisha yakatikisika.

"Umepata nafuu?"

"Hapa nilipokaa, ndiyo. Kule nilikobaki, bado."

Jioni Sista alimpakulia mumewe chakula na hakujipakulia mwenyewe.

"Leo nimemtibu Bahari."

"Anaumwa nini?"

"Kiungulia. Chako."

Mwenye tanuri hakuwa mtu mbaya. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliweka kijiko chini, akaguswa kwelikweli.

"Maskini! Na anahitaji nini?"

"Apunguziwe moshi. Uzime tanuri, tupande miti."

"Mama watoto, nakuuliza dawa."

"Dawa ni chokaa, lakini..."

"Chokaa kiasi gani?"

"Mgonjwa mwenyewe si unamwona alivyo? Malori kwa malori."

Uso wa mumewe ukachangamka. "Sasa mbona hukusema mapema? Chokaa si inachomwa kwenye tanuri?"

Sista alimweleza kwamba kuchoma chokaa kunataka kuni, na kwamba hata jiwe lenyewe likichomwa linatoa hewa ileile ya ukaa. Alimchorea kwa kidole kwenye kitambaa cha meza: moshi unapanda, unamwingia Bahari, Bahari anaumwa, chokaa inachomwa, moshi unapanda. Mumewe alikifuata kidole kwa makini mpaka kikarudi kilipoanzia. Akasema ni duara zuri sana, hakuna hata mtu mmoja anayepoteza kazi.

Usiku ule Sista alimgeuzia mgongo, na usiku uliofuata pia. Tanuri la pili likawashwa hata hivyo. Vichaka vilivyokuwa vimebaki upande wa nyuma wa kilima vilikatwa kwa ajili yake, na siku ya uzinduzi mkuu wa mji alitoa hotuba kwamba mji wetu hautupi mgonjwa wake. Bahari alialikwa, akakalishwa safu ya mbele kwenye kiti cha plastiki. Watu walimpigia makofi. Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, aliinama kushukuru, na viatu vya safu nzima vikalowa.

Tangu hapo huja kila wiki. Malori yanamwaga chokaa ufukweni, na ile sehemu ndogo ya Bahari inayokuja zahanati hupewa kikombe kimoja cha maji ya chokaa.

Wiki moja Sista alishindwa kuvumilia. "Bibi, dawa hii imetoka kwenye moshi uleule unaokuumiza."

"Najua. Nimeionja."

"Sasa mbona unakunywa?"

"Mgonjwa anakunywa anachopewa, mwanangu."

Alikimaliza kikombe, akakirudisha. Wote wawili wakatazama dirishani. Moshi wa matanuri mawili ulipanda hadi kilimani, ukazungukazunguka pale juu kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Haukupata wa kuupokea. Ukageuka, ukaanza kushuka kuelekea ufukweni.

Bahari alijikusanya taratibu kutoka kitini.

"Ngoja niwahi," alisema. "Chakula changu hicho kinakuja."

Sista alimfungulia mlango, akamwita mgonjwa anayefuata.