Machozi ya Safu ya Mbele

Gauni alilishona yeye, wimbo aliutunga yeye, na sasa alikuwa amekaa safu ya mbele kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mume wake.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda chake na wateja wa kudumu. Mwaka uliopita alikwenda kwenye mchujo wa shindano hilihili la vipaji la televisheni, na majaji wakamkatisha kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Akarudi kwenye cherehani yake, akajikaza kisabuni. Mwaka huu mdogo wake, ambaye nyumbani humwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, akauchukua wimbo uleule wa dada yake, aliojifunza kibandani huku akishona vifungo. Akapita mchujo, akapita robo fainali, na leo ilikuwa nusu fainali. Mama naye hakuwa na habari nyingine: Chiriku hivi, Chiriku vile. Roho ilimuuma dada, tusifichane.

Chiriku alikuwa na udhaifu mmoja. Mbele ya umati, maneno humpotea. Dada alipokuwa akimfunga zipu nyuma ya jukwaa, Chiriku alimshika mkono.

"Dada, nikikwama nitakutazama. Unitamkie kwa midomo tu, bila sauti."

"Utakwamaje kwenye wimbo unaoujua?"

"Lakini utanitamkia?"

"Nitakutamkia. Simama vizuri, nisije nikakubana ngozi."

Studio ilikuwa na baridi ya kiyoyozi, na lile jukwaa linaloonekana kubwa kwenye televisheni halikuzidi sebule mbili. Mtangazaji akapaza sauti: Chiriku, na wimbo alioutunga mwenyewe! Chiriku akatabasamu tu. Hakukanusha.

Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Watu walipiga miluzi, na mama mmoja aliyekaa pembeni ya dada akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Huyu binti kajaliwa," alisema. Miluzi ile ilikuwa yake, na gauni lilimkaa yule mtoto vizuri mno.

Ubeti wa pili, Chiriku akanyamaza. Wapiga vyombo wakarudia kipande kilekile mara moja, wakarudia tena. Macho yake yakaja moja kwa moja safu ya mbele.

Dada aliyajua maneno. Yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Akainama, akaanza kurekebisha kamba ya kiatu ambayo haikuwa na tatizo lolote, na hakuinuka mpaka muziki ulipokatika. Majaji walisema maneno ya huruma. Chiriku akatolewa.

Watazamaji walianza kunyanyuka, lakini msimamizi wa ukumbi, mwanamke mwenye vipokea sauti shingoni, akawarudisha vitini. Ndivyo kazi yao ilivyo: sura za watazamaji hurekodiwa baadaye, kisha huchomekwa panapofaa.

"Wewe ndiye dada yake? Tunakutaka peke yako. Mdogo wako amekwama, moyo unakupasuka. Lia."

Kamera ikamgeukia. Taa ikamwakia usoni, yenye joto na nyeupe, na umati mzima ukanyamaza kumtazama yeye. Akalia. Alilia vizuri, kidevu kikatetemeka, mkono ukaenda kifuani wenyewe.

"Safi sana!" msimamizi akasema. "Dada, wewe una kipaji! Tena!"

Akalia tena. Na Mungu anisamehe kwa kulisema, alikuwa anafurahi. Mwaka mzima alikuwa ameingojea taa ile.

Ghafla mikono ikamzunguka shingoni. Chiriku alikuwa ametoka nyuma ya pazia, rangi ya macho imemchuruzika mashavuni.

"Usilie, dada. Mimi ndiye niliyesahau. Nilikutafuta, lakini taa zikanipiga machoni nikaona giza tupu. Najua ulikuwa unanitamkia. Nisamehe, nimekuharibia wimbo wako."

Dada akamfuta rangi shavuni kwa kidole gumba.

"Hiyo hiyo!" msimamizi akapiga makofi. "Mkumbatiane mara moja tena, kamera ya pili haikupata. Na wewe dada, lia kama mwanzo."

Chiriku akamkumbatia tena, kwa nguvu zaidi. Dada akajaribu kulia, akajaribu tena, na macho yakabaki makavu huku kamera ikimsubiri.