Tiki ya Kijani

Mimi ndiye niliyeitengeneza ile programu ya zahanati, na mdomo wangu haukuwa na breki. Harusini, msibani, popote, nawaeleza watu: mtandao ukiwa na nguvu inatuma papo hapo, ukizorota inahifadhi kwenye simu na kutuma baadaye. Muuguzi hahangaiki. Anabonyeza, tiki ya kijani inatokea, basi, anaendelea na kazi.

Siku hiyo aliyelala pale zahanati ni dada yangu, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto kakaa vibaya. Bila upasuaji wangekufa wote wawili. Simu ya kawaida haishiki pale bondeni, kwa hiyo muuguzi aliomba gari la wagonjwa kwa programu yangu.

"Saa mbili nzima zimepita tangu niombe, mdogo wangu," muuguzi akaniambia.

"Tiki ilitokea?"

"Tena ya kijani kabisa."

Nikamtukana dereva mpaka nikaishiwa matusi. Nikachukua simu ya zahanati nimwoneshe shemeji, mume wa dada, saa ombi lilipotumwa, nikafungua sehemu ya ndani, ambayo muuguzi haioni.

Lahaula! Ombi la dada lilikuwa mle mle simuni. Mbele yake foleni ya picha za daftari la dawa, ambazo sisi wenyewe tuliagiza zipigwe kila asubuhi. Mtandao ukikatika, picha inaanza upya. Siku tisa hakuna kilichotoka! Na tiki? Niliiweka itokee mtu anapobonyeza tu, maana ofisini tulichukia kusubiri. Ofisini, penye mtandao wa kumwaga!

Nikafuta picha zote. Nikapanda juu ya meza, nikatoa mkono dirishani na simu, natafuta mtandao. Foleni ikaondoka. Baada ya dakika ishirini gari likafika, shemeji akapanda na dada, yu hai, ananifokea kwa maumivu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Vumbi halijatulia, gari la pili likaingia. Dereva akashuka na machela.

"Mmeomba magari mawili. Mgonjwa mwingine yuko wapi?"

Nikamtazama muuguzi. Akaichukua simu ya dereva, akasoma jina la mgonjwa, akakaa sakafuni taratibu.

"Huyu ni wa Jumatano," alisema. "Tulimzika Ijumaa."