Njia ya Mwanini

Siku Nadhira alipoipima njia ya mwanini, ya kushukia kwenye mashamba ya mwani, mama yake alitangulia mbele na kamba begani, akicheka.

"Njia ya punda na wanawake nayo inapimwa? Unataka kuiuza?"

"Siiuzi, mama. Naiweka kwenye ramani."

"Kwani ilikuwa imepotea?"

Nadhira naye alicheka. Kazi yake ya kuwauzia watalii safari aliifanyia chumbani kwake Mpendae, mjini, na alijifunza mwenyewe. Mgeni aliyeko kwao Ulaya huchagua mtandaoni anavyotaka kuviona, programu ikachukua masafa na muda kutoka kwenye ramani, ikampa bei palepale. Lakini kijijini kwao Nadhira, upande wa mashariki, programu haikuona pa kushukia pwani. Ilimzungusha mgeni mpaka kijiji cha pili, bei ikapanda, mgeni akaghairi. Ndipo Nadhira akatembea na simu mkononi, kutoka barabarani, katikati ya maweni, mpaka mchangani, na mstari ukajichora nyuma yake.

Wageni wakaja. Walipiga picha za wanawake walioinama majini wakifunga mwani kwenye kamba, wakaacha nyota tano na maneno matamu. Bi Kazija, mama yake, akawa anarudi na noti pembeni mwa kanga, akisema wazungu ni watu wa ajabu, wanalipa kutazama watu wanavyochoka.

Mwaka wa pili Abdulhakim, dalali wa viwanja aliyesoma naye, alimpigia simu.

"Nadhira, ahsante bwana! Tajiri wangu alikuwa akitafuta pwani iliyotulia, yenye njia. Kafungua ramani, kaiona yenu. Nshamaliza kazi."

"Kazi gani?"

"Hoteli, dada. Kijiji kimepata neema."

Ardhi ile ya maweni hakuna aliyekuwa na hati yake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuizuia hoteli. Ukuta wa hoteli ulisimama kabla ya masika, njia ikabaki ndani yake. Mlinzi wa geti alikuwa Bakar, kijana wa pale pale, aliyewahi kunyonya ziwa la Bi Kazija wakati mama yake mzazi alipougua.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, wameniambia wafanyakazi na wageni tu."

"Marahaba. Na mimi ni nani?"

Bakar alitazama chini. "Usinitie matatani, mama."

Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na maji hayamngoji mtu. Kuuzunguka ukuta kulikula nusu ya kupwa. Wanawake walifika maji yakirudi, wakavuna walichowahi, wakarejea juu ya mawe makali na magunia yanayochuruzika vichwani. Amne, shoga wa Bi Kazija tangu utotoni, aliteleza akavunjika nyonga. Hakusimama tena.

Nadhira aliufuta mstari kwenye ramani. Kesho yake mtu akaurudisha, sasa una jina la hoteli. Akaufuta, ukarudi. Hakujua anashindana na nani. Labda ni mtu kama yeye, ameketi chumbani mahali fulani, anafanya kazi yake.

Bamvua iliyofuata alikwenda kijijini. Oda ilimkuta barazani: wageni wanne, wanataka kuwaona wakulima wa mwani. Njia ilikuwa imeshaandikwa kuwa ya hoteli, kwa hiyo programu iliwazungusha, ikaongeza muda, ikaongeza petroli, ikatoa bei. Wageni wakakubali.

"Nini hiyo?" Bi Kazija aliuliza.

"Wageni, mama. Wanataka kuwaona kazini."

"Watapita wapi?"

"Watazunguka. Ndiyo maana bei imepanda."

Bi Kazija aliitazama simu kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake.

"Kumbe kuzunguka kuna bei," alisema. "Mbona mwani wetu mnunuzi ananunua kwa bei ile ile?"

Nadhira aliifunika simu pajani. Akasema, "Nisamehe, mama."

"Nshakusamehe zamani. Lakini hao usiwalete."

"Washalipa."

"Warudishie. Hakuna wa kuonwa."

Aliingia ndani, akatoka akiburura rundo la kamba, zingali na chumvi, vifundo vyake vitupu. Nadhira alizitambua: za kina kirefu, za karibu na mchanga, zote. Hata zile za mbegu ya kupandia tena, ambazo mama yake hakuwahi kuzitoa majini, hata mwaka wa maradhi ya mwani.

"Shika huku," alisema Bi Kazija, akampa ncha moja. "Tuzikunje kabla mvua haijaja."