Zamu ya Mzee Anton

Kulwa alikuwa katika mwaka wake wa tano wa uenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, pale Usoke, na kama kulikuwa na dhambi aliyoiungama mara nyingi katika miaka hiyo, ni ya kumkasirikia katibu wake, Kasimiri.

Jumuiya yenyewe ilikuwa kaya kumi na moja tu. Kila Jumamosi saa moja asubuhi walikutana nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Mkeka, mshumaa, Injili. Mwenye neno alisema, asiye nalo alinyamaza. Baba Yetu, kisha kila mtu akashike jembe lake. Dakika arobaini na tano, basi. Hata mwenye chumba kimoja aliweza kuwapokea wenzake bila aibu.

Ndipo Kasimiri aliponunua spika, lile dude la kuburuta kwa magurudumu, na kipaza sauti chake. Watu kumi na wanne wamebanana sebuleni, unasikia hata tumbo la jirani likinguruma, na Kasimiri anasimama katikati: "Halo, halo. Moja, mbili. Tunasikilizana?"

Spika ikaita turubai. Turubai likaita viti vya kukodi. Na mtu akishaketi kwenye kiti cha kukodi, utamnyima chai? Ikaja chai ya maziwa, vikaja vitumbua, mwishowe pilau. Sala za dakika arobaini na tano zikawa za saa tatu, katika msimu wenyewe wa kuchambua tumbaku. Mkewe Marko aliugua ghafla wiki ya zamu yake, na Jumamosi hiyohiyo Kulwa alimwona kisimani na ndoo kichwani, mzima wa afya.

Kulwa alivumilia. Kilichomshinda ni siku alipogundua kwamba zamu ya Mzee Anton, aliyefiwa na mkewe na kuishi peke yake kando ya bani lake la kukaushia tumbaku, ilikuwa imerukwa mara mbili.

"Tumemstahi," Kasimiri alimweleza. "Pale hakuna umeme. Spika tutaichomeka wapi?"

"Kwani Bwana Yesu alichomeka wapi?" Kulwa alifoka. "Jumamosi hii tunasali kwa Mzee Anton. Hakuna kiti, hakuna sufuria, hakuna spika. Umenielewa, Katibu?"

"Nimekuelewa, Mama Mwenyekiti," akajibu Kasimiri, akiinamisha kichwa kwa adabu zote.

Jumamosi Kulwa aliwahi. Alimkuta mzee ameshafagia ua, ametandika mkeka kwenye kivuli cha bani, na amevaa suruali yake ya Pasaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani mmenifuta."

Kulwa akavua viatu, akaketi mkekani. Wenzake wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakaketi. Hawajatulia vizuri, ikasikika bodaboda. Kasimiri alikuwa nyuma ya dereva, ameikumbatia spika, na mbele, juu ya tangi la mafuta, jenereta limefungwa kwa mipira.

Kulwa alifumba macho, akaanza Salamu Maria, ikamshinda katikati. Akamfuata njiani.

"Katibu, nilisema nini?"

"Hata mimi nimefurahi, Mama," Kasimiri akamwambia, akishusha mzigo.

Huu sasa ni utovu wa adabu, Kulwa aliwaza. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mwenyekiti hagombani mbele ya mshumaa. Akarudi kwenye mkeka, meno ameyauma.

Jenereta likanguruma hadi kuku wakakimbilia kwa jirani. Injili ikasomwa kwa kupiga kelele. Ikafika zamu ya mwenye nyumba kutoa neno. Mzee Anton alipewa kipaza sauti, akakishika chini magotini kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Midomo yake ilikwenda, lakini kilichosikika ni jenereta tu. Kasimiri, aliyeketi ameigusa spika kwa bega, alimfanyia ishara ainue mkono. Mzee hakuelewa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuna aliyejua ni kwa nini.

Kulwa akainuka, akalifuata jenereta, akalizima.

"...tangu tumzike mama Ezekia," mzee alikuwa anasema, "hapajaimbwa wimbo katika ua huu. Ninyi ndio mtakuwa wa kwanza."

Kasimiri akasimama.

"Mbona mmezima? Mzee amesema nini?"

"Sote tumemsikia, Kasimiri. Kaa chini."

"Mimi sijasikia."

"Ungesikiaje na makelele yako hayo?"

"Sijasikia, Mama!" Sauti yake ilipasuka. "Tangu mwaka juzi sisikii. Sikio hili limekufa kabisa, na hili lingine ni kama watu wanaongea ndani ya kisima. Hamjaona ninavyoketi karibu na spika kila wiki? Bila hiyo naona midomo tu."

Kulwa alimtazama. Alitaka kumhurumia, na huruma ilikuja kweli, ila hasira ilikuwa imeshafika.

"Mwaka juzi! Tumekodi viti, tumepika pilau, tumeumwa magonjwa ya uongo, kumbe ni sikio lako? Si ungesema?"

"Ee?"

"Nimesema, si ungesema!"

"Katibu kiziwi mngemwacha?" Kasimiri akauliza, macho chini.

Mzee Anton akapiga mkeka kwa kiganja, akamwita kwa mkono. Kasimiri akaketi ubavuni pake, na mzee akayarudia maneno yake yote toka mwanzo, kinywa sikioni. Wengine walingoja. Kisha mzee akaanzisha wimbo, nao wakaupokea, Kasimiri akiwa nyuma ya wenzake kwa ubeti mzima.

Walipomaliza, mzee alitoa sinia la matobolwa, viazi vyake vikavu alivyovichemsha. Kulwa alikuwa amekataza chakula. Alichukua viwili.

Wakati wa kuagana alimshika Kasimiri mkono.

"Jumatatu tunakwenda hospitali Urambo, mimi na wewe."

"Hospitali, ndiyo, soko la tumbaku likiisha."

"Jumatatu!" Kulwa alipaza sauti, wapita njia wakageuka. "Nimesema Jumatatu!"

"Nimesikia, Mama," Kasimiri akasema, akijipangusa sikio. "Huna haja ya kunipigia kelele."