Mke wa Mfereji

Fundi Windad alikuwa na jicho la kusoma udongo, na jicho hilohilo ndilo lililomponza.

Miaka mitatu alichimba kisima kikuu chini ya mlima, ili maji yashuke kwa handaki hadi Farrokhshad, mji mpya ambao liwali aliutaka uwe na hamamu na bustani, tena upesi. Kabla ya jembe la kwanza walivuta kamba mbele ya mashahidi: kutoka kisima kikuu cha Dehzar, kijiji alikozaliwa Windad, umbali ulitosha kisheria. Lakini sheria hupima juu, maji hutembea chini. Alipofika pima ya hamsini, jembe liligonga changarawe mahali alipotazamia udongo wa mfinyanzi. Akajua palepale. Kwenye changarawe kisima kirefu hukinyonya kifupi, hata kikiwa mbali. Angeweza kupaza sauti. Lakini miaka mitatu shimoni, jamani, na maji ndiyo hayo yanabubujika, baridi, matamu! Akanyamaza, akaendelea kuchimba.

Maji yalipofika Farrokhshad watu walicheza barabarani, na nyumba zikaota kama uyoga kandokando ya mfereji. Windad akavishwa joho na liwali, akarudi kwao Dehzar amelikunja kwapani.

Kule kwao zamu za maji ya mfereji zilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu: linaelea kwenye beseni, likijaa na kuzama, zamu yako imekwisha. Zamu moja ilikuwa ikinywesha mikomamanga ishirini. Mwezi ule ilinywesha kumi na miwili. Uliofuata, saba.

"Mfereji wetu una upweke," alisema mzee Burzin, msimamizi wa zamu, mbele ya wanakijiji wote. "Tuuoze."

Ndivyo walivyofanya tangu mababu. Mfereji ukidhoofika huozwa mjane. Kila wiki mke huyo huoga ndani yake, kijiji humlisha ngano, naye haruhusiwi kuolewa na mwanamume mwingine maadamu maji yanatiririka. Macho yote yalimgeukia Dukhtzad, dada yake Windad, mjane wa miaka miwili, ambaye fundi matandiko mmoja alikwisha kumletea posa.

"Mwenye kumwoza ni wewe, Windad," alisema Burzin. "Unakubali, hukubali?"

Angekataa kwa sababu gani? Sababu aliyokuwa nayo ni moja tu, nayo ingemfanya apigwe mawe. Dukhtzad alimtazama, akingoja. Windad akainama.

"Nakubali."

Walimpaka hina, wakamvisha nyekundu, wakamshusha majini kwa vigelegele. Yule wa matandiko akatandika punda wake akaenda zake. Na maji, kwani yana habari ya harusi? Yalizidi kushuka: magotini, kisha vifundoni mwa miguu. Wanawake wakaanza.

"Bibi harusi, hivi unamnyima mumeo nini?"

"Wa kwanza alimzika, wa pili anamkausha. Mkosi mtupu!"

Dukhtzad aliacha kula komamanga, aliacha kucheka, akawa anaoga kila siku badala ya kila wiki. Kila alipomwona akitetemeka ukingoni na nywele mbichi, Windad alihisi roho inamtoka.

Akaenda Farrokhshad kwa msimamizi wa liwali, akapiga magoti. "Bwana, nifukie kile kisima. Nitachimba kingine, bure."

"Umerukwa na akili?" msimamizi alicheka. "Hapa kuna watu elfu mbili wanakunywa. Kwenu mko wangapi?"

"Nyumba arobaini."

"Basi waambie wahamie huku. Nafasi ipo, na maji unayajua mwenyewe."

Windad alirudi kwa miguu. Njiani alikiri moyoni jambo alilokuwa akilikwepa: hata wangekifukia leo, changarawe imekwisha kufunguka, maji ya Dehzar hayarudi.

Alimkuta dada yake amechutama mferejini, anajimwagia maji kwa kiganja kwa kuwa kina hakikutosha tena kuzama. Akamweleza yote, tangu changarawe hadi magoti aliyopiga.

Dukhtzad alikishusha kiganja. "Siku ile ulipoulizwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nipakwe hina."

"Niliogopa, dada. Nisamehe."

"Mume wangu wa kwanza aliuawa na homa, kaka. Huyu umemuua wewe, halafu ndipo ukanioza kwake." Akajimwagia kiganja kingine. "Nenda kawaambie basi."

Akawaambia, kijiji kizima, yuko tayari kwa mawe. Hawakuamini. Burzin alimshika bega kwa huruma: "Unamkingia dada yako, mwanangu. Ndugu mwema ndivyo alivyo. Ila mkosi ni mkosi."

Majira ya mavuno Dehzar ilipakia punda kuelekea Farrokhshad, kwenda kunywa maji yake yenyewe. Dukhtzad hakuruhusiwa kupanda. Mfereji ulikuwa bado unatoa uzi mwembamba wa maji, na mke hamwachi mume aliye hai.

Windad alibaki naye. Asubuhi aliweka bakuli la shaba kwenye beseni, kwa mazoea tu. Halikuelea; uzi ule wa maji ulikuwa umekatika usiku. Lilikaa chini, kavu, na dada yake alikuwa tayari anavua shuka ili akaoge.