Mama Yuko Njiani

Nimeketi kwenye kigoda jikoni, nachambua maharage ya watu wa kikao, na huko nje mjomba Kanuti na baba mkubwa Elinami wameshaanza. Mama yangu, Filomena, tumemzika juzi hapa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Alizaliwa Mkatoliki, akaolewa kwa Walutheri, akaimba nao miaka yote, na rozari yake ikakaa kwenye kopo la chumvi. Mjomba ni katekista, anataka dada yake asomewe misa Jumamosi. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, anasema kwenye boma la mdogo wake, baba yangu aliyetangulia, hapatasomwa misa ya wafu. Sasa wananingoja mimi, maana mama alikata roho mikononi mwangu na neno lake la mwisho ninalo peke yangu. Nikilitoa, upande mmoja utalibeba na mwingine hautakanyaga tena hapa. Nisipolitoa, mama atabaki hivyo hivyo, hana wa kumsemea. Maharage yanadondoka kwenye ungo, ti, ti, ti, kichwa kinakuwa kizito. Punje moja inarukia kizingitini, nainama niiokote, na nikiinua uso kizingiti kiko nyuma yangu.

Njia ni ndefu, inapita katikati ya migomba, na ninavyokwenda migomba inanipisha halafu inajifunga nyuma yangu. Kando ya njia kuna mfereji, mkavu. Ng'ambo ya mfereji kuna mji, na upande huu kuna mji, na ni mji ule ule: kanisa lile lile, kengele ile ile, mbwa yule yule aliyekatika sikio, ila wa huku limekatika la kushoto na wa kule la kulia. Mbele yangu anatembea mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani. Shikamoo mama, nasema. Anageuka, naye hana uso, pako patupu kama ukuta uliosiribwa leo. Kitendawili, anasema. Tega. Wawili wanashindana ng'ombe katoka zizi gani, naye ng'ombe anakufa kiu. Nasema sijui. Basi nipe mji. Nampa mji wa huku, anasema huo si wako kuutoa. Nampa wa kule, anasema huo ni ule ule. Namuuliza, mama yangu umemwona? Yuko njiani, anasema. Njia ipi? Hii hii mnayoikausha.

Nasikia majembe. Mfereji umejaa watu, huku wakiongozwa na mjomba Kanuti, kule na baba mkubwa Elinami, na kila upande unarundika tope na vigogo vya migomba kwenye banio, pale maji yanapoingilia. Baba mkubwa anafoka, maji ni ya chemchemi! Kila kilichochimbwa na watu huku chini tukizibe, yabaki yaliyotoka juu tu. Mjomba anamjibu, shemeji, hiyo chemchemi umeifikia lini? Si umeijua kwa mfereji huu huu waliochimba wazee? Wazee walichimba, na wazee hao hao wakatia taka, nionyeshe mstari wenye toharani! Nikuonyeshe wapi, anasema mjomba, na vitabu vyenyewe mmevichomoa? Biblia yako imekonda kama ng'ombe wa kiangazi. Ee, na yako imenenepa kwa kulishwa makapi. Watu wanacheka huku na kule, na kila anayecheka anatupa tope moja zaidi.

Ndipo namwona mama. Ameketi mwisho wa mfereji na kibuyu kitupu mapajani, anatazama juu, anangoja. Wao hawamwoni. Tope moja likitupwa, nyusi zake zinafutika. Jingine, pua inalainika. Natazama tena yule mwanamke wa kuni, natazama mahali uso wake ulipopaswa kuwa. Na wewe wako waligombana? namuuliza. Wangu bado wanagombana, anasema.

Nakimbia. Nataka kulitoa lile neno, lakini mdomo umejaa maharage, natema na yanazidi kuja. Kwenye ukingo limeota sale, jani letu la msamaha, lile ambalo ukilifunga fundo na kumpelekea mtu, hata kama umemuulia ndugu hawezi kulikataa. Nachuma, nafunga, naliweka juu ya banio. Majembe yanasimama hewani. Halafu baba mkubwa anauliza, hilo nalo limeandikwa wapi? Na mjomba, nani kalibariki? Hakuna anayejua, na hakuna anayethubutu kuliruka, maana wote wawili mama zao walilifunga. Chini ya tope kitu kinasogea. Maji, kama uzi, yanatoka, yanashuka, yanamfikia. Mama anainama na midomo aliyobaki nayo.

Ndeshi! We Ndeshi!

Niko jikoni. Mlangoni wamesimama watu wawili, jua liko nyuma yao, siwaoni nyuso. Mmoja anasema, haya mwanangu, mama yako alisemaje? Nafungua kiganja, kina jani la sale lenye fundo, na sale letu limeota kule kaburini, sijafika huko leo. Naliweka kwenye kizingiti. Nasema, alisema, msiniache njiani.

Umesikia, shemeji? Njiani! Toharani hiyo! Toharani ya wapi, anadakia mwingine, mgonjwa aliogopa kufa peke yake, basi! Wanasemezana juu ya kichwa changu, nami nakaza macho nizione nyuso zao, na jua halisogei.

Sawa, nasema. Kati yenu, nani anakwenda kumchukua?

Wanatazama chini, penye jani. Nyuma ya jiko maji yanapita mferejini, nayasikia kabisa, na leo si zamu yetu ya kumwagilia.