Viatu vya Juu ya Kabati

Kwetu kisiwani Savaii huingii ndani na kiatu, hata darasani. Kwa hiyo mlangoni kwangu kila asubuhi huwa na fungu la ndala za watoto thelathini na mmoja wa darasa la kwanza, zimemwagwa kama samaki. Kengele ya mapumziko ikilia, kila mmoja anavaa zinazofikiwa na mguu wake kwanza. Huyu anatoka na mbili za kushoto, yule na za kaka yake wa darasa la sita, na wote wanakimbilia uwanja wetu wa mawe meusi ya volkano. Mimi na mawe hayo tunajuana. Nikiwa na miaka saba niliyaachia ukucha wa dole gumba, na ulioota badala yake ulikuja mshazari. Mpaka leo kuukata ni kazi ya fundi bati.

Muhula ule Moelagi aliacha kucheza. Alikuwa na miaka mitano, na kabla ya hapo hakuna aliyemshinda kwa mbio. Siku moja ndala ilimgeuka mguuni, mawe yakamchuna kidole na goti, na tangu hapo kila mapumziko alikaa kwenye ngazi akitazama wenzake.

"Huendi kucheza?" nilimuuliza.

"Ndala zangu hazinisubiri, Mwalimu."

Nilikwenda kwao siku hiyo hiyo. Mama yake, Sose, alikuwa anakuna nazi.

"Mwalimu Makerita, ukija bila kuitwa najua ni mchango."

"Leo siombi kitu. Naulizia viatu vya Moelagi."

"Anavyo. Tena vyeupe, vya kufunika. Shangazi yake alivileta kutoka Auckland tangu Januari."

"Viko wapi?"

Akainua kidevu kuelekea juu ya kabati. Vilikuwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kama mgonjwa anayekingwa upepo. Vilikuwa vinangoja Jumapili Nyeupe, mwezi wa kumi, siku ambayo watoto wote huvaa nyeupe na kusimama mmoja mmoja kusema aya mbele ya kanisa zima, na wakubwa huwakagua kuanzia utosi hadi soli.

"Kwa hiyo kanisani anakokaa ana viatu," nikasema, "na shuleni anakokimbia ana ndala."

"Usinichokoze. Vikiingia doa, yule Mama Fuatino wa kanisani atanisema mpaka Krismasi."

"Mama Fuatino atakusema hata ukimletea malaika."

Akacheka, lakini hakusogea.

"Basi mvalishe hapo mkekani nimwone tu," nikasema. "Mkeka hauna tope."

Hilo alilikubali, maana alipenda kuvionyesha. Mguu wa Moelagi uliingia nusu ukagoma, kisigino chote nje. Sose akasukuma kama mtu anayeshindilia magimbi kwenye gunia lililojaa.

"Mama, vidole vimekunjika," alisema mtoto taratibu.

"Vinyooshe."

"Hakuna nafasi ya kuvinyoosha."

Sose akakaa chini na kiatu mkononi.

"Miezi tisa," akasema. "Kuku hawakuvigusa. Watoto wa jirani hawakuvigusa."

"Hata mwenyewe hakuvigusa," nikasema. "Mguu haukujua kuwa unatakiwa kusubiri."

Zilibaki wiki tatu kabla ya Jumapili Nyeupe, na uwezo wa Sose ulikuwa wa jozi moja tu. Jumamosi tulikwenda dukani Salelologa, watatu. Sose akashika moja kwa moja viatu vyeupe vyenye ua juu na soli inayong'aa kama sahani. Sikumkataza. Nilimwambia Moelagi avivae akimbie mpaka kwenye magunia ya mchele na kurudi. Kwenda alikwenda, kusimama ndiko kulikomshinda, mpaka magunia yakampokea.

Halafu tukamvalisha vyeusi vya shule. Mbele vimefungwa, nyuma vinashika kisigino, soli ina mikato, na mkanda ni wa kunata, akaufunga mwenyewe. Nikabonyeza mbele ya dole gumba.

"Umeona? Pana upana wa kidole changu. Pakiwa padogo zaidi vitambana kabla ya muhula kwisha. Pakizidi, atajikwaa."

"Lakini ni vyeusi," Sose akasema.

"Ni vyeusi."

"Kanisani, Mwalimu."

"Kanisani ni siku moja. Mimi ninaye siku tano kwa wiki."

Akasimama na viatu vyeupe mkononi, midomo ikihesabu watu wa kanisani mmoja mmoja. Moelagi alikuwa ameshafika mlangoni mara mbili na kurudi, hajateleza, hajamuuliza mtu. Sose akavirudisha vyeupe rafuni, vyote viwili vikitazama ukuta.

Jumatatu ngazi yangu ilikuwa tupu. Mapumziko yote nilimsikia Moelagi kabla ya kumwona.

Jumapili Nyeupe ilipofika, safu nzima ya miguu ilikuwa nyeupe isipokuwa miwili. Mama Fuatino akainama kutoka benchi la nyuma.

"Sose, mwanangu, mtoto amekosa viatu vyeupe?"

Nilidhani Sose angejificha chini ya benchi. Hata sauti hakuipunguza.

"Amekosa, Mama. Ana vya shule. Wajukuu zako Jumanne watavaa nini shuleni?"

Mama Fuatino akatazama upepeo wake. "Ndala," akasema. "Si wanavaa ndala wote?"

"Si wote."

Moelagi alisimama, akasema aya yake yote bila kukwama, akarudi kwenye benchi mbio juu ya vigae. Nyuma yake wajukuu wawili wa Mama Fuatino walikuja wameshikana mikono, wakiteleza kwa heshima.

Jumatatu ilikuwa mapumziko ya sikukuu; Jumanne wawili hao walifika darasani na viatu vyao vyeupe vya kanisani. Jioni nikaenda kumwona bibi yao kuzungumza habari za soli zenye mikato.